Kibanda cha Baba Chenye Magurudumu

Ua wa Marigold, Stepney, London
23 Agosti 1936

Kaka yangu mpendwa Hirsh,

Barua yako ilinikuta mzima, na nilipoimaliza nilikuwa na homa. Sholem anakusalimu, mgongo unamsumbua kwa kusimama na pasi kutwa nzima kiwandani, lakini mdomo wake hauna ugonjwa. Watoto wanakula kama nzige. Wifi Adela msalimie sana, mwambie ule upishi wake wa samaki niliujaribu na paka ameupenda.

Sasa tuje kwenye lile lako. Unataka nikupe Baba uende naye Leeds, na unamwomba kama mtu anayeazima sufuria. Kaka, Baba ana miaka sabini na moja, meno manne na maoni elfu. Ameishi nyumba hii tangu tuliposhuka melini, na Mama alifia chumba cha juu. Nikimtoa hapa nitakuwa nimemng'oa. Na kwa kuwa mimi na wewe ni wa tumbo moja, nakwambia bila kuzunguka: simtaki aende. Nani atanigombeza nikizidisha chumvi?

Unasema Mashati Meusi, hao mafashisti. Ni kweli wapo. Wanakuja jioni, wanapanda juu ya sanduku pale njia panda, wanapiga kelele kwamba Wayahudi wamewala Waingereza. Sholem aliwasikiliza siku moja akarudi akasema, "Nimewala Waingereza wote na bado nina njaa." Tulicheka. Kesho yake walimvuta ndevu mzee mmoja wa sinagogi letu mpaka akaanguka, na siku hiyo hatukucheka.

Lakini adui wa Baba si hao. Adui wa Baba ni Mzee Cornelius Tierney, jirani yetu wa ukuta mmoja: Mwairishi, kuli wa bandarini, Mkatoliki wa kupiga magoti, mfugaji wa njiwa. Mkewe, Mama Honora, ndiye anayekuja kutuwashia moto siku ya Sabato, ambayo sisi haturuhusiwi kuuwasha, nami namwangalizia nyumba akienda misa. Sisi wanawake tunaelewana. Wanaume hawajasemezana mwaka wa tisa sasa, na sababu ni njiwa. Kila mwaka Baba akijenga kibanda cha sikukuu hapo uani na kukiezeka matawi, njiwa wa Tierney wanakuja kukaa juu ya matawi na kufanya mambo ya njiwa. Mwaka jana moja liliangukia kwenye supu. Baba anasema ni maagizo kutoka Roma.

Kwa hiyo Baba hayupo tayari kuhama. Ana vita vyake havijaisha.

Dada yako, mwenye hasira lakini mwenye kukupenda,
Perel


Leeds
6 Septemba 1936

Dada Perel,

Salamu kwako, kwa Sholem na kwa watoto wako wote. Sisi huku ni wazima. Biashara si mbaya. Watu bado wanavaa suruali. Adela ameipokea habari ya paka na hajasema neno, jambo ambalo kwake ni nadra.

Naona hukunielewa. Mimi simwombi Baba, namwokoa. Ninyi mnakaa kwenye mtaa ambao watu wanavutana ndevu barabarani. Hapa kwangu mtu akipiga chafya hadharani anaona haya wiki nzima. Majirani zangu ni Wamethodisti, watu wapole. Tumekaa mlango kwa mlango miaka saba na hatujawahi kukosana, kwa kuwa hatujawahi kuongea. Nimemwandalia Baba chumba cha mbele chenye dirisha kubwa la kutazama barabara. Atakaa humo kama waziri aliyestaafu. Nyumba hii ni kubwa, Perel. Saa ya ukutani inasikika vyumba vyote.

Sikukuu zikiisha nitakuja kumchukua. Mwambie aanze kuagana na njiwa.

Mwaka mpya wetu uwe mwema kwenu na mtamu.

Kaka yako,
Hirsh


Ua wa Marigold
29 Septemba 1936

Kaka Hirsh,

Mwaka wenu pia uwe mtamu. Tumefunga siku ya toba na tumefungua salama, ila Sholem alizimia kidogo sinagogini, akazinduka aliposikia mtu akitaja samaki wa chumvi. Sholem anasema gazeti limeandika kwamba Mashati Meusi walikuwa huko kwenu Leeds Jumapili hii. Wewe hujaandika chochote. Mnaendeleaje?

Huku habari ni moja tu. Kiongozi wao amepewa ruhusa ya kuandamana na maelfu ya watu wake, Jumapili inayokuja, katikati ya mitaa yetu, polisi wakiwafungulia njia. Tumeapa kwamba hawapiti. Wayahudi hatutoshi peke yetu, kwa hiyo wameitwa makuli Waairishi wa bandarini, nao wamekuja. Nilidhani watakataa, maana wale wa kwenye sanduku wamekuwa wakiwaambia kwamba sisi ndio tunaowanyima kazi. Mama Honora alisema, "Mwanamke anayeniangalizia nyumba namjua. Huyo wa kwenye sanduku simjui."

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa kanisa la Padri Mulcahy. Rabi Feivel alikaa chini ya sanamu ya mtakatifu mmoja na jicho lake halikutulia. Mama Honora alikuwa ametutengenezea mikate kwa moyo mweupe kabisa, na ndani yake kuna nyama ya nguruwe. Sahani ikapita kwa Wayahudi wote, kila mmoja anasema ameshiba, mpaka Mama Honora akashtuka akidhani tunafunga mwaka mzima. Nilipomnong'oneza akafunika uso kwa kitambaa. Mkutano uliofuata nilileta samaki wangu wa kukaanga, na kwa kuwa ilikuwa Jumatatu, Waairishi walilalamika kwa nini wapewe samaki siku isiyo Ijumaa, siku yao ya kujinyima nyama. Umoja ni kazi, kaka.

Baba na Tierney walikalishwa pamoja, Padri katikati.

"Padri," Baba akasema, "mwambie huyo bwana kwamba mimi nawapinga mafashisti kuliko yeye."

"Padri," Tierney akajibu, "mwambie huyo mzee nilianza kuwapinga yeye akiwa bado anatambaa."

"Padri, muulize njiwa wake wako upande gani."

Padri alisema amekuwa padri miaka thelathini na hajawahi kuungamisha watu wawili wagumu namna hii kwa pamoja.

Na sikukuu ya Vibanda inaingia kesho jioni, kwa hiyo Baba ameshajenga. Mwaka huu amekuja na akili mpya. Ametwaa mkokoteni wa muuza matufaha, akajenga kibanda juu yake: mbao pande tatu, pazia mbele, matawi juu. Wazee wetu walishasema kibanda juu ya mkokoteni kinafaa. Njiwa wakija upande huu, mimi nakisukuma upande ule. Ameshaanza kukijaribu, na kila akinywa chai humo natoka jasho kama punda, naye ndani anasema, "Polepole, Perel, chai."

Haji Leeds. Salimia Adela.

Perel


Leeds
7 Oktoba 1936

Perel,

Nimesoma magazeti. Yanasema watu laki walijaa barabarani, polisi wa farasi waliwashambulia, na maandamano yakarudishwa. Hakuna linalosema habari ya Baba, wala wewe husemi. Yuko wapi? Ni mzima?

Sisi ni wazima. Adela amekwenda Hull kwa mama yake, kupunga hewa ya bahari.

Jibu leo.

Hirsh


Ua wa Marigold
12 Oktoba 1936

Kaka yangu Hirsh,

Nisamehe, sikukuu zilinizuia nisishike kalamu. Tu wazima. Sholem ana nundu kichwani, anaionyesha kwa kila mgeni. Baba ni mzima kabisa, anakula, anagomba. Hewa ya bahari ya Hull, mwezi wa Oktoba? Wifi ameanza kuwa samaki?

Hawakupita, Hirsh. Nilitaka uone. Tulikuwa tumeziba barabara kwa lori lililopinduliwa, makabati, magodoro na kitanda cha mtu ambaye mpaka leo anakitafuta. Wazee wa sinagogi wenye makoti marefu wamesimama bega kwa bega na makuli wenye mikono kama majembe, na Padri Mulcahy anagawa gololi za kutupa chini ya kwato za farasi wa polisi. Sisi wanawake tulikuwa madirishani na ndoo za maji ya vyombo, na nyingine ambazo hazikuwa za vyombo. Niliogopa. Nusu ya ndoo ya kwanza nilimmwagia Sholem.

Sasa nikueleze kuhusu kibanda. Asubuhi ile Tierney alitoka misa na wenzake wanne, wameagizwa walete chochote cha mbao. Wakafungua lango la ua wetu, wakaona kibanda, ambacho mwaka huu Tierney hakukitambua kwa sababu ya magurudumu. Nilikuwa juu, nikamsikia Tierney akisema, "Watazameni watu hawa. Sisi tunabeba magodoro kichwani, wao wamejenga kizuizi chenye magurudumu, na majani juu kisionekane." Alivua kofia kwa heshima. Kisha wakashika mikono ya mkokoteni, wakaondoka nao mbio.

Baba alikuwa ndani, anakula. Alipohisi kinakwenda alidhani ni mimi namkimbiza mbali na njiwa. Nilimsikia nikiwa dirishani, anapotelea kwenye kona: "Polepole, Perel, chai."

Niliposhuka walikuwa wamekwishakipachika juu ya kizuizi, kati ya lori na kabati. Tierney akafungua pazia ili aweke matofali, akakuta Baba ameshika yai.

"Unafanya nini humu?"

"Ninakula. Wewe unafanya nini mlangoni kwangu?"

"Hiki ni kizuizi, mzee."

"Ni kibanda. Na kizuizi. Funga pazia, baridi inaingia."

Ndiyo maneno yao ya kwanza kwa miaka tisa. Nilimsihi Baba ashuke. Akasema ameshabariki mkate, na mtu aliyeanza chakula kibandani anakimalizia kibandani, na kwamba huko juu hakuna njiwa hata mmoja. Ukweli ni kwamba alikuwa anafurahi. Tangu Mama afariki sijamwona hivyo.

Basi ikawa vile magazeti yalivyosema. Jioni tulicheza barabarani, hata Rabi. Baba usiku ule alilala kwa rafiki.

Dada yako,
Perel


Leeds
20 Oktoba 1936

Perel,

Salamu kwa wote. Mimi mzima. Adela bado yuko Hull.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, hasa mstari wa mwisho. Halafu mteja wangu mmoja akanifungia suruali yake kwenye gazeti la London, nami nikaona humo habari ndogo, chini kabisa, karibu na tangazo la sabuni. Inasema mshona kofia mstaafu wa Stepney, umri wake miaka sabini na moja, alifikishwa mahakamani kwa kosa la kumpiga farasi wa polisi kwa kuti la mtende.

Nakuuliza, huyo rafiki ambaye Baba alilala kwake ana vyuma madirishani?

Nimekata tiketi. Nakuja Jumapili ya kwanza ya Novemba na narudi na Baba. Safari hii siombi. Mtoto wa kiume ni mimi. Umeshindwa kumlinda mzee mmoja asipigane na farasi.

Hirsh


Ua wa Marigold
28 Oktoba 1936

Kaka Hirsh,

Haya, umenikamata. Nilikuficha kwa sababu nilijua utaandika hivyohivyo ulivyoandika, na imeniuma. Sikumshindwa. Jaribu wewe kumshusha Baba kutoka mahali alipobariki mkate.

Ilikuwa hivi. Polisi wa farasi walifika mbele ya kizuizi. Askari mmoja kijana akamwambia Baba ashuke. Baba akatoa kichwa nje ya pazia akamwambia yuko kwenye sikukuu. Askari akamuuliza Tierney kibanda hiki ni kitu gani, na Tierney, ambaye dini yetu haijui hata chembe, akasema, "Hilo ni kanisa lao. Ukiligusa utakwenda motoni, na mimi kama Mkatoliki nakuhakikishia upo." Askari akasita. Lakini farasi wake hakusita. Aliinua shingo, akaona matawi mabichi juu ya kibanda, akaanza kula.

Unajua sheria, Hirsh. Kibanda kisicho na matawi ya kutosha si kibanda, na Baba alikuwa amebakiza nusu yai. Akamfukuza kwa mdomo, farasi akaendelea kutafuna. Ndipo Baba akachukua alichokuwa nacho mkononi, lile kuti tunalolitikisa kwenye sala, akamcharaza puani. Farasi akarudi nyuma, akakanyaga gololi za Padri, askari akaketi chini barabarani bila kupenda, kofia yake ikaviringika mpaka miguuni kwa Tierney. Tierney akaikalia. Walipomwambia ainuke alisema amechoka, ametoka misa.

Wakawachukua wote wawili, wakawaweka chumba kimoja. Nilikaa nje ya kituo na Mama Honora, yeye anasema rozari, mimi zaburi, tunapokezana. Tulikaa hivyo siku mbili. Nilifikiri umri wake, na sakafu ya saruji, na nilifikiri wewe, kwamba ulikuwa umesema kweli. Hilo ndilo nililokuficha zaidi.

Mahakamani hakimu akaomba kuona silaha. Wakamletea kuti. Akaligeuza huku na huku. Tierney akasimama bila kuitwa. "Mheshimiwa, hiyo si silaha. Mimi ninalo moja nyumbani tangu Jumapili ya Matawi, liko nyuma ya picha ya Bikira Maria. Kama hiyo ni silaha, basi wakamateni Wakatoliki wote wa London, mwanzie na Askofu." Askari kijana akakiri kwamba farasi hakuumia, ila alikula sana. Baba akasema basi yeye ndiye mlalamikaji, maana paa ni lake. Hakimu akawaachia, akamwonya Baba asipige farasi tena. Baba akaomba na farasi aonywe.

Wamerudi marafiki, na kwangu hii ni adhabu ya aina yake. Kila jioni wako uani, Baba anamweleza Tierney namna kofia za polisi zinavyoshonwa vibaya, Tierney anamweleza Baba habari za njiwa, na hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Nilimwambia unakuja kumchukua. Akasema, "Mwambie sikukataa Leeds kwa ubaya. Lakini mtu aliyesimama hapa tarehe nne hawezi kwenda kukaa dirishani tarehe tano." Kisha akaniuliza mbona Adela anakaa Hull muda wote huo. Nikamwambia nitakuuliza. Unalo jibu?

Njoo ututembelee. Utakula, utalala, utarudi mikono mitupu.

Perel


Leeds
22 Novemba 1936

Dada Perel,

Salamu kwako, kwa Sholem na nundu yake, kwa watoto, kwa Baba. Mimi mzima.

Najua mlinisubiri Jumapili ile nami sikutokea, na kwamba niliyapokea maandishi yako mawili ya kuuliza na sikujibu. Nilikuwa na shughuli. Kwanza kulikuwa na suruali za watu. Halafu ikanyesha. Halafu nilidhani nimeshikwa na mafua, nikakaa ndani kuyasubiri, hayakuja. Ni vigumu kuiacha nyumba peke yake siku hizi.

Kuhusu Baba, nimefikiri. Labda si sasa. Chumba cha mbele kimekuwa na giza kidogo, nimeliziba dirisha kwa mbao kwa sababu ya baridi. Ningemweka chumba cha nyuma, lakini huko ndiko ninakolala mimi, na meza ya kulia pia nimeihamishia huko. Kwa hiyo basi. Abaki kwako mpaka mambo yatulie. Ulikuwa na haki, umefurahi?

Majirani hawajambo. Wananiinamishia vichwa tukikutana, nami nawainamishia changu.

Jambo moja la kumuuliza Sholem, maana yeye ni mtu wa madoa. Anajua dawa ya kutoa lami? Si kwenye nguo. Kwenye mlango. Nimesugua kwa mafuta ya taa, maandishi yanafifia lakini bado yanasomeka ukiwa ng'ambo ya barabara.

Adela anasema atarudi mlango ukiwa safi.

Kaka yako,
Hirsh


Ua wa Marigold
3 Desemba 1936

Hirsh wangu,

Sianzi na salamu leo, utazipata mwishoni.

Kaka, tangu lini? Tangu ile Jumapili ya Septemba Mashati Meusi walipokuja kwenu, wakakuvunjia kioo na kuandika mlangoni kwa lami, sivyo? Nami nilikuwa nakuandikia habari za yai na njiwa, nakutania juu ya Hull, nawe umekaa chumba cha nyuma na meza ya kulia. Ulitutisha kwa hatari ya London huku wewe mwenyewe umezibwa na mbao. Nimekukasirikia, halafu nimelia, halafu nimekukasirikia tena kwa kunifanya nilie sokoni.

Barua yako nilimsomea Baba uani, Tierney akiwepo. Nilitaka kuuruka ule mstari wa lami. Nikauruka vibaya, Baba akanyoosha mkono akaichukua karatasi akasoma mwenyewe. Aliisoma mara mbili. Unamjua Baba, ni mara ngapi amesoma kitu mara mbili?

Tierney ndiye aliyeuliza, "Hao majirani zake Wakristo wanasemaje?"

"Wanainamisha vichwa," nikamwambia.

"Amewaomba kitu?"

"Hajawahi kuongea nao."

Tierney akamgeukia Baba. "Na wewe mtoto wako ulimlea kwa ububu?"

"Nilimlea kwa adabu," Baba akasema. "Itabidi irekebishwe."

Akaingia ndani, akateremsha begi lake kutoka juu ya kabati. Nilidhani ametuchoka. Nikamwambia, "Baba, umeapa huendi Leeds." Akanijibu, "Niliapa siendi kupumzika. Kupumzika hakupo tena, kwa hiyo nakwenda."

Wanafika Jumapili kwa treni ya mchana. Nasema wanafika kwa sababu Tierney anakuja naye. Kazi bandarini imelala wiki hizi na anajua kuweka kioo. Njiwa amemwachia Sholem, ambaye anawaogopa. Baba anataka dirisha liwe tayari kabla ya Jumanne jioni, sikukuu ya Taa, kwa sababu taa huwekwa dirishani watu wazione, na hataki kuziwasha kwa ajili ya ubao. Kabla ya hapo watapita mlango kwa mlango kwa hao Wamethodisti wako, wakijitambulisha. Huwezi kuwazuia, usijaribu. Padri Mulcahy naye ametoa barua kwa mchungaji wao, ingawa anasema hajawahi kuwaandikia Wamethodisti na hakujua aanze na neno gani, mwisho akaanza na "Jirani." Ijumaa Tierney hali nyama. Siku nyingine hula chochote, mfichie kila kitu.

Dawa ya lami, Sholem anasema, ni siagi, kisha sabuni. Ila Baba amekataza usisugue tena. Anataka aione kwanza, na anataka mtaa mzima umwone akiifuta.

Salamu ndizo hizi. Watoto wanakusalimu, Mama Honora anakusalimu, amekuombea kwa mtakatifu ambaye sikumbuki jina lake, anahusika na milango. Adela mwambie arudi, nyumba itakuwa imejaa kelele.

Na mimi, Hirsh, nilipigana nawe miezi minne nisikupe Baba. Leo nimempigia pasi mashati yake kwa mkono wangu na kukupa. Chumba chake nilijaribu kukifunga yeye akiwa uani, nikakifungua tena, maana kikifungwa nasikia hakuna anayekohoa humo. Asubuhi hii nilizidisha chumvi kwa makusudi, akala yote bila kunigombeza. Ndipo nikajua kwamba na yeye anaogopa.

Mpokee kituoni. Begi asipokuachia, usimnyang'anye. Mshike mkono pale ngazini lakini jifanye wewe ndiye unayeteleza. Mwache akugombeze mpaka ushibe, kisha, baridi ikiisha, nirudishie.

Perel